Nani Alichemsha Maziwa ya Madamu

Sauti iliyonitisha kwanza ilikuwa ya maziwa kuangukia makaa. Si kuanguka hasa. Nataka niseme kwa usahihi, maana usahihi ndio unaonishikilia majuma haya mawili. Maziwa huvimba kwanza, hujikusanya chini ya utando wake, hupanda kimyakimya hadi ukingoni mwa sufuria, kisha hufurika mara moja, na makaa huyapokea kwa msonyo mrefu, kama mtu mzima aliyeudhiwa. Nilikuwa na miaka minane. Nilirudi nyuma hatua mbili nikaziba masikio, ingawa kilichonitia hatiani hakikuwa ile sauti bali harufu iliyoifuata: harufu ya maziwa yaliyoungua, nzito, tamu kwa ubaya, inayoingia ukutani na kukaa siku tatu.

Majuma mawili yaliyopita niliisikia tena, katika chumba cha chai kando ya maabara ninakosomea shahada ya uzamili. Mwenzangu alikuwa amesahau sufuria kwenye jiko la umeme. Wengine walicheka, mmoja akafungua dirisha. Mimi nilijikuta nimeketi sakafuni, mgongo ukutani, na walipouliza kama nimekula asubuhi nilijibu ndiyo, jibu lililokuwa la kweli na lisilosaidia chochote. Asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimeona kitu kingine, ambacho nitakieleza mahali pake. Tangu hapo silali vizuri. Nafungua simu, natafuta jina moja, nafunga simu.

Tuliishi Jinja, katika laini za askari magereza: safu za nyumba za chumba kimoja na sebule, mabati yaliyolia kwa joto mchana, bomba moja la maji kwa safu mbili. Baba alikuwa askari magereza, Msabiny kutoka milimani juu ya Mbale, kwa watu ambao kwao ng'ombe huhesabiwa pamoja na jamaa. Ng'ombe wote wa baba yake walichukuliwa na wavamizi kabla sijazaliwa. Jambo hilo alinisimulia mara moja tu, akiwa amenipa kisogo. Mama yangu alikuwa Mgisu wa Mbale. Alifariki nikiwa na miaka mitano, na mdogo wake, mama mdogo Mutonyi, akaja na begi moja kunilea. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa.

Baba hakujua Kigisu na mama mdogo hakujua Kisabiny. Majirani walikuwa na Kiacholi chao, Kiteso chao, Kisoga chao. Wote tulikutana katika Kiswahili cha kambi, ambacho hakina muda wa ngeli. Hiki ninachoandikia nilikipata baadaye, nilipopelekwa kusoma ng'ambo ya mpaka, na hadi leo nikikizungumza nyumbani huulizwa nahutubia mkutano gani.

Kisha akaja ng'ombe. Alishushwa kutoka kwenye lori asubuhi moja, mwekundu, mwenye baka jeupe kifuani, na ndama wake anayenyonya, zawadi ya ndugu yake baba aliyebahatika kuanza kufuga upya. Baba alimzunguka mara tatu bila kumgusa. Alivua kofia ya kazi. Jirani yetu Mwacholi, aliyekuwa akipiga mswaki mlangoni, aliliona hilo, na kabla ya jua kuwa kali kambi nzima ilikuwa imempa ng'ombe jina: Madamu.

"Afande, Madamu ameamka salama?"

"Ameamka. Anasalimia wewe. Anauliza hiyo ndevu utanyoa lini."

Sijaona mnyama aliyetunzwa kama yule. Baba alimaliza zamu akaenda naye kuchunga mwenyewe, upande wa Kimaka, pembeni mwa kiwanja cha ndege ambapo ndege zilishuka kwa nadra na nyasi zilikua hadi magotini. Hakumfunga kamba. Hakubeba fimbo. Alitembea mbele akiongea, na Madamu alimfuata akitingisha masikio, kama mtu anayesikiliza habari ndefu kwa heshima. "Ng'ombe hapana piga," aliniambia. "Ng'ombe unaongea naye. Ukitendea yeye haki, na yeye anatenda haki." Jioni aliosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, akamwacha ndama anyonye kwanza, ndipo akachuchumaa. Nimejiuliza mara nyingi, hasa tangu alipofariki, kama wafungwa aliowalinda walipata hata robo ya upole ule. Sijui. Sikuwahi kuuliza, na anayejua hayupo.

Maziwa yaliingia katika vibuyu. Vibuyu vililetwa na mama yake baba, bibi yangu, kila aliposhuka kutoka mlimani: virefu, vyembamba, vyenye shingo iliyofungwa shanga. Aliviosha, akatwaa ukuni wenye kaa jekundu nchani, akausugua ndani ya kibuyu hadi moshi ukajaa na kunyamaza. Kwa hiyo maziwa yetu yalikuwa na ladha ya moshi, na juu yake zilielea chembe ndogo nyeusi za mkaa. Nakumbuka chembe hizo kuliko ladha. Zilikuja kuniponza.

Sheria ilikuwa moja. Maziwa hayachemshwi. Bibi aliieleza kwa Kiswahili chake cha shida, akigonga kibuyu kwa kidole: "Maziwa ni ng'ombe mwenyewe. Ukiweka maziwa juu ya moto, yeye nasikia. Kiwele naungua. Mimba natoka." Hakuitoa kama hofu. Aliitoa kama mtu anavyosema kwamba mvua hulowesha.

Mama mdogo, aliyekulia katika nyumba ambamo chai ilichemshwa pamoja na maziwa hadi ikawa na rangi ya udongo, aliteseka. Alilazimika kupika chai ya rangi na kuyamimina maziwa mabichi, baridi, juu yake.

"Chai hii imekufa," alisema kila asubuhi, akitazama ndani ya kikombe. "Sisi tunaizika tu."

"Watu ya malewa nafundisha mimi maziwa?" bibi akamjibu siku moja. Malewa ni machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, chakula ambacho Wagisu hawawezi kukisahau na wengine hawawezi kuwasamehe.

"Bibi yangu, usicheke malewa. Ile mwaka ng'ombe yenu ilienda, mlikula nini? Si mlishuka kwetu?"

Bibi akacheka bila sauti, mabega tu, na baba naye akacheka hadi chai ikampalia. Nasisitiza jambo hili kwa sababu baadaye nilijaribu kuamini kwamba walichukiana. Hawakuchukiana. Lingekuwa jambo rahisi zaidi.

Huo ulikuwa mwaka ambao ada ya shule za msingi ilifutwa, na madarasa yakajaa ghafla kama debe la dagaa. Tulikaa wanne katika dawati la wawili. Mwaka huohuo ziwa lilikuwa limefunikwa na magugu. Ukisimama Wanyange ungedhani unatazama shamba, na wavuvi waliisukuma mitumbwi ndani yake kama watu wanaolima. Watoto wakaanza kuharisha. Mwalimu wetu akaja na somo la usafi. Alichora kikombe ubaoni. Ndani ya kikombe akatia nukta kwa chaki, nyingi, akibonyeza kila moja kwa hasira.

"Hivi ni vijidudu. Vinakaa kwa maji. Vinakaa kwa maziwa. Vinaua mtu. Tunafanya nini?"

"Tunachemsha, mwalimu!"

"Sisikii."

"Tunachemsha, mwalimu!"

Jioni hiyo nilipokea kikombe changu nikakitazama, na ndani yake nikaziona. Nukta. Nyeusi badala ya nyeupe, lakini zilezile, zikielea, moja ikisogea kuelekea nyingine. Mwalimu hakueleza kwamba vijidudu havionekani kwa macho, au alieleza nami sikusikia kutoka dawati la nyuma. Nilijua tu kwamba mama yangu alikufa kwa homa, kwamba hakuna aliyeweza kuniambia homa hiyo ilitoka wapi, na kwamba sasa nilikuwa nimeipata, nyumbani kwetu, katika kibuyu chenye shanga.

Nilichemsha mara nne. Nina hakika na hesabu hiyo kuliko hesabu nyingi nilizofanya tangu hapo. Mama mdogo alikwenda bombani kila siku saa kumi, foleni ilimshika nusu saa, na sigiri yake aliiacha nyuma ya nyumba ikiwa na makaa. Nilikuwa na sufuria ndogo isiyo na mfuniko. Mara ya kwanza nukta hazikuondoka, nikafikiri zimekufa zikabaki maiti, nikazichuja kwa kitambaa nikanywa. Mara ya pili niligundua kwamba Madamu alitoa maziwa pungufu jioni ile. Mara ya tatu yalipungua zaidi. Leo najua kwamba ng'ombe mwenye mimba kubwa, kama aliyokuwa nayo Madamu, hupunguza maziwa, lazima apunguze. Wakati ule niliona kiwele kikisinyaa kwa sababu yangu, nikaanza kupima woga mmoja dhidi ya mwingine, homa ya mama upande huu, ng'ombe wa baba upande ule. Mara ya nne nilikuwa nimezama katika mizani hiyo wakati maziwa yalipofurika.

Mama mdogo alirudi na ndoo kichwani. Alinusa kabla hajaona. Aliitua ndoo, akatazama sigiri, sufuria, mimi.

"Wewe mtoto. Umefanya hivi mara ngapi?"

"Nne."

"Kwa nini?"

"Nisife."

Alichuchumaa. Kisha akachota majivu akasugua sigiri, akamwaga maji, akasugua tena, na ile harufu ikazidi badala ya kupungua. "Bibi yako akinusa hii, tumekwisha," alisema, karibu acheke. "Siku nyingine uniambie. Nitakuchemshia mimi kwa siri, tunywe chai ya watu walio hai."

Haikuwapo siku nyingine. Asubuhi ya tatu, kabla ya jua, baba akiwa zamuni, Madamu alilala chini akaguna. Hakuwa ametimiza miezi; ilikuwa imebaki miwili. Mama mdogo alinivuta nimshikie taa ya chemli, akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti kwenye majani makavu. Hakuwa na glavu. Nani kambini alikuwa na glavu? Aliingiza mikono mitupu, akamvuta ndama aliyekuwa amekufa, mdogo kama mbwa, asiye na manyoya ya kutosha. Kisha akatoa kondo lililokataa kutoka, polepole, kwa muda mrefu, huku akimbembeleza ng'ombe kwa Kigisu, na Madamu akimlamba begani. Alikuwa amelowa hadi kwenye viwiko. Alinitazama akaona uso wangu.

"Si wewe," alisema. "Unasikia? Si wewe."

Nilimsikia. Sikumwamini.

Bibi alifika siku ya pili yake. Habari za ng'ombe hupanda mlima haraka. Hakuuliza maji ya kunywa. Alimpapasa Madamu mgongo mzima, akaenda nyuma ya nyumba, akainama juu ya sigiri, akavuta pumzi. Aliporudi sebuleni, baba alikuwa amekaa bado amevaa sare, kofia juu ya goti.

"Nani nachemsha maziwa?"

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Mama mdogo alinitazama, na kuhusu mtazamo huo nimeandika na kufuta mara nyingi, kwa sababu kila neno linaupunguza. Haukuwa wa kunihimiza wala wa kunilaumu. Ulikuwa kama wa mtu anayepima mzigo kabla ya kuunyanyua.

"Mimi," alisema.

Baba alifumba macho. "Shemeji. Kweli?"

"Kweli, Afande. Nilichoka na chai ya maiti."

Baba alikuwa mtu wa magereza. Kwake aliyekiri hahojiwi tena. Hakupiga kelele, hakumtukana. Aliuliza tu kama anajua ng'ombe yule alikuwa nani kwake, na mama mdogo akasema anajua. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya kabati na mlango. Nilikuwa na kinywa. Nilikuwa na neno moja la kusema, lilelile alilolisema yeye, na lingekuwa la kweli. Nilitazama kofia ya baba. Asubuhi iliyofuata baba alimsindikiza mama mdogo hadi kituo cha magari ya Mbale, amembebea begi. Mama mdogo aliniachia sufuria yangu ndogo. Alikuwa ameisugua ikang'aa, isipokuwa duara jembamba la weusi chini ambalo halikutoka, wala halijatoka.

Baada ya hapo nilikunywa maziwa mabichi kila asubuhi, nikiwa nimesimama, mbele ya bibi, chembe na yote, kama dawa. Na mwaka uliofuata Madamu alizaa. Ndama jike, mzima, mwekundu kama mama yake. Baba alilia waziwazi. Majirani walikuja kumpongeza, na bibi alisema kwa utulivu wa mtu aliyethibitishwa: "Naona? Moto natoka, mimba nakaa."

Nani angebishana? Maziwa yalichemshwa, mimba ikatoka. Aliyechemsha akaondoka, mimba ikakaa. Nilikulia ndani ya ushahidi huo. Hata nilipoanza kusoma sayansi, na nikajua kwamba moto wa sigiri haufiki kwenye kiwele kilicho hatua thelathini mbali, nilikuwa nimejua kwa kichwa tu. Tumbo langu liliendelea kusema: lakini ilitokea.

Likizo nyingine nilipelekwa Mbale. Mama mdogo alikuwa akiuza malewa sokoni. Alinipokea kwa shangwe, akanipima urefu kwa kiganja, akanipikia chai iliyochemka hadi ikawa na rangi ya udongo, yangu. Yake aliinywa bila maziwa.

"Hunywi maziwa?"

"Mimi na maziwa tulishapatana. Yasije kwangu, nisiende kwao."

Kila jioni, karibu saa kumi na mbili, alianza kutetemeka. Kisha jasho, hadi akabadilisha blauzi mara mbili. Asubuhi alikuwa mzima, akicheka na wateja, isipokuwa alipoinama kuinua gunia: alishika kiuno kama kikongwe. Walisema malaria. Alikuwa amemeza kwinini mara nyingi kiasi kwamba masikio yake yalivuma. Homa iliondoka mwezi, ikarudi. Wanawake wa sokoni walikuwa na jina lao kwa ugonjwa huo, wakilisema nyuma yake kwa huruma: ng'ombe wa watu anamlipiza. Siku ya mwisho nilisema, "Mama mdogo, ile siku..." Akaniwekea kikombe mkononi. "Kunywa chai, itapoa."

Nikanywa. Nilikuwa na miaka tisa, nikawa na kumi na tano, nikawa na ishirini na sita. Kila ziara ilikuwa na kikombe cha namna hiyo. Bibi alifariki. Baba akafuata, na hadi mwisho aliamini alivyoamini. Mama mdogo alikuja kwenye mazishi ameinama, mkono kiunoni, akanipita akaenda kulia peke yake penye zizi.

Sasa niseme nilichokiona asubuhi ile ya majuma mawili yaliyopita.

Tulikwenda kuchukua sampuli za maziwa kwenye shamba moja dogo nje ya Buwenge. Mwenye shamba ni mzee mpole. Ng'ombe wake hula nyasi tu, hawafungwi, hawapigwi. Kila mmoja ana jina na huja akiitwa. Watu hutoka mjini kufuata maziwa yake, na huyataka mabichi, kwa sababu, wanasema, maziwa ya ng'ombe mwenye raha ni dawa. Alikuwa akiosha kiwele kwa maji ya vuguvugu nilipofika. Ilinibidi nigeuke nitazame migomba.

Kipimo tunachoanza nacho ni rahisi mno. Unatia maziwa mabichi katika mrija wa kioo, unadondosha tone la dawa yenye rangi ya buluu, unasubiri. Maziwa mazima hubaki na buluu iliyosambaa. Maziwa ya ng'ombe aliyewahi kupambana na ugonjwa wa brusela hupandisha rangi yote juu, kwenye malai, yale mafuta yanayoelea, ikafanya pete. Nilishika mrija wa ng'ombe mwekundu, mpole kupita wote. Malai yalipanda. Pete ikatokea, safi, nzuri kwa kweli, kama mstari uliochorwa na fundi.

"Binti yangu," mzee alisema, "ng'ombe hawa wanapendwa. Ugonjwa utoke wapi?"

Nilimweleza kwa utaratibu. Kwamba upendo hauzuii, na nyasi hazizuii. Kwamba ng'ombe huambukizana malishoni na kuonekana wazima. Kwamba pete si hukumu, tutapima damu, ila kwa sasa maziwa yachemshwe yote. Kwamba ng'ombe mwenye brusela hutupa mimba miezi ya mwisho, mara nyingi mara moja tu. Baada ya hapo huzaa vizuri, huku vijidudu vikiendelea kutoka katika maziwa. Kwamba hatari kubwa kuliko maziwa ni kumzalisha kwa mikono mitupu, kwa sababu ugonjwa wote umo katika kondo, na anayeupata hupandwa na homa za jioni, jasho, maumivu ya kiuno, miaka mingi, na huambiwa ni malaria.

Niliyasema hayo yote kwa sauti ya kawaida. Nilikuwa nimeyasoma, nimeyafanyia mtihani, nimeyafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ni pale tu, nikisikia sentensi zangu mwenyewe zikifuatana katika hewa ya zizi, moja nyuma ya nyingine, ndipo nilipomwona mama mdogo amepiga magoti na mikono yake imelowa hadi viwikoni. Niliufunga mrija. Nilirudi maabara. Mwenzangu alikuwa amesahau maziwa jikoni.

Sisemi kwamba najua. Sina damu ya Madamu, wala ya mama mdogo. Nina kumbukumbu ya mtoto na jaribio la ng'ombe mmoja. Lakini kama ni hivyo, basi ugonjwa ulikuwa ndani ya Madamu miezi kabla sijakigusa kile kisufuria. Basi zile mara nne nilizochemsha ndizo mara pekee maziwa yalipokuwa salama katika nyumba yetu. Basi kosa langu si lile nililolibeba. Ni lile jingine, la kusimama kati ya kabati na mlango. Na mtu aliyesema "mimi" badala yangu ameumwa miaka yote hii ugonjwa wenye dawa, nami nimekuwa na jina la ugonjwa huo mdomoni tangu mwaka wa pili wa chuo bila kumpelekea.

Niliandika karatasi. Mambo matano, kwa mpangilio: salamu, kiuno, kipimo cha damu na mahali pa kukifanyia, ng'ombe, mimi. Nililiacha la mwisho lije mwisho ili asikate simu kabla ya kipimo. Niliiandika upya mara sita. Leo asubuhi nilisimama kwenye korido ya maabara, nikapiga.

"Haloo? Nani huyo? Ongea nguvu, niko sokoni." Nyuma yake mwanamke alikuwa akibishana kuhusu fungu la malewa.

"Mama mdogo, ni mimi."

"Eh, profesa! Umekula?"

Nilisema nimekula. Niliuliza kiuno. Alisema kiuno kiko palepale, hakijahama. Niliuliza homa, alisema ilirudi juma lililopita, amemeza vidonge, imekwenda kutembea. Nikamwambia aende kupima damu, si ya malaria, ya brusela, na kwamba nitakwenda naye mwenyewe Jumamosi.

"Daktari wa ng'ombe sasa anataka kunitibu mimi?" Alicheka. "Nimekuwa na mkia?"

"Mama mdogo, Madamu alikuwa mgonjwa. Kabla. Ulipomtoa yule ndama kwa mikono, ndipo ulipoupata. Haikuwa kwa sababu ya maziwa kuchemshwa. Bibi alikosea. Baba alikosea."

Kicheko kilikoma. Nilisikia soko, kengele ya baiskeli, mtu akitaja bei. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu na sikuweza kusoma hata mstari mmoja.

"Na aliyechemsha ni mimi," nilisema. "Bibi alipouliza, nilikuwa nimesimama pale. Nilipaswa kusema. Nilikuwa mimi."

Alimwambia mteja wake jambo kwa Kigisu, kwa upole: asubiri, anaongea na binti yake. Kisha akarudi karibu na simu, karibu sana, hata nikasikia pumzi zake.

"Mtandao mbaya," alisema. "Sema tena, nisikie vizuri."

Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Nikasema tena.